Tunatafuta Asiyetujua

Nilipowaambia wanangu kwamba nasafiri, kila mmoja aliuliza swali lile lile kwa simu yake: Unaenda kwa nani? Nikasema siendi kwa mtu. Halafu: Kuna msiba? Hakuna. Kuna mgonjwa? Hakuna. Sasa unakwenda kufanya nini, mama? Nakwenda kuona. Kuona nani? Nikasema, kuona tu.

Kwetu Usangi, huko milimani Upareni, mwisho wa kila safari pana mtu. Unapanda gari kwa sababu kuna aliyekufa, aliyeoa, aliyezaa au aliyelazwa. Nami, Nakundwa, mkunga mstaafu, nilikuwa nimekwenda kwa watu maisha yangu yote. Nusu ya kijiji ilipita mikononi mwangu ikiwa bado imelowa. Nikitoka kumwaga majivu nasalimiwa na watu niliowajua kabla hawajalia kilio chao cha kwanza. Wananiita Mama Mkunga. Wananiita Mama Elisante. Wananiita mke wa marehemu Mwalimu Mchome. Majina hayo nimeyavaa moja juu ya jingine kama kanga za msimu wa baridi, na siku moja nikichambua maharage nikajiuliza: nikiyavua yote, chini yake kuna mtu? Sikuuliza kwa huzuni, ila kwa hamu, kama anayesikia kitu kikigonga ndani ya sanduku lililofungwa.

Ndipo nikakata tiketi ya kwenda mji mkuu ambao sikuweza kulitamka jina lake. Hata sasa siwezi. Mkata tiketi alilitamka, akalirudia, na kila alipolirudia lilikuwa jina jingine, nami nikaitikia yote.

Treni iliingia asubuhi, chini ya paa la kioo lililoufanya mwanga uwe wa kijani, hata nikahisi nashuka ndani ya bwawa. Nilishuka peke yangu. Lugha yao sikuijua, hilo nina hakika nalo. Lakini watu wa mji ule walipofungua vinywa, maana ilinifikia kabla ya sauti, kama harufu ya chakula inavyotangulia sahani, na nilipojibu Kiswahili changu cha Kipare hakuna aliyeshangaa.

Pale jukwaani walisimama vijana wawili, mwanamume na mwanamke, wameshika kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkaa: TUNATAFUTA ASIYETUJUA.

Yule wa kiume alinisogelea, mrefu, shati limechomekwa upande mmoja tu. "Shikamoo mama. Samahani sana. Unatujua?"

"Marahaba. Hapana."

"Kabisa?"

"Kabisa, mwanangu. Ndiyo kwanza nashuka."

Akamgeukia mwenzake. Binti akakiachia kile kipande cha boksi kikaanguka, wakashikana mikono wakarukaruka kama watoto walioona mvua. Mimi nimesimama na begi langu, sijui nimefanya nini cha ajabu kiasi hicho.

Walinikalisha kwenye benchi wakanieleza. Zamani, alisema binti, ndoa za mji ule zilishuhudiwa na ndugu. Ndugu wa mume waliapa hivi, ndugu wa mke wakaapa vile, na ugomvi wa chumbani ukatoka nje ukawa vita vya mitaa. Hata wafalme waliingia madarakani kwa njia hiyo hiyo, kila mfalme akishuhudiwa na watu wake. Mji uliungua kwa sababu ya mashahidi. Waliobaki wakaweka sheria: jambo lolote kubwa, liwe la watu wawili au la nchi nzima, lishuhudiwe na mtu asiyewajua wahusika na asiye na upande.

"Na wageni siku hizi hawaji," kijana akadakia. "Tangu masika tunasimama hapa kila asubuhi. Aliyeshuka ni ng'ombe mmoja wa maonyesho na mwenye ng'ombe. Mwenye ng'ombe akawa binamu yangu."

"Na ng'ombe?"

"Tulimuuliza msajili. Alikataa."

Nilicheka hadi begi likaanguka. Nikasema nitakuwa shahidi wao, mbona ni jambo dogo. Binti akatikisa kichwa. Si dogo. Msajili angefungua ofisi alasiri, na mpaka hapo nisijue lolote juu yao, hata majina. Nikishindwa, wangengoja mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kuomba tena, na mama yake binti, ambaye hakuitaka ndoa hii, alikuwa akiusubiri mwaka huo kwa hamu.

"Basi niacheni nitembee peke yangu. Tutakutana huko ofisini."

"Hapana, mama," alisema binti. "Mgeni akitembea peke yake atakunywa chai na mtu, na mtu huyo atakuwa shangazi yangu. Tutakutembeza sisi. Ila hatutajizungumzia."

Tukakubaliana hivyo. Nami nikaingia mjini katikati ya watu wawili nisiowajua, mmoja kulia, mmoja kushoto.

Nitauelezaje mji ule? Saa zake hazikukubaliana. Ya stesheni ilisema mapema, ya benki ikasema umechelewa, ya kinyozi iliganda pale pale siku zote, na wapita njia walichagua saa ya kuifuata kama unavyochagua upande wa barabara wenye kivuli. Aliyekuwa na haraka alipita chini ya saa ya benki. Sisi tulikaa chini ya ile ya kinyozi, na kwa muda mrefu asubuhi haikusogea, jua limetulia juu ya mapaa ya vigae kama kuku anayeatamia. Nilijiangalia kwenye kioo cha duka la kofia nikaona mwanamke wa umri wangu, halafu msichana wa miaka ya shule, halafu mwanamke tena. Sikuogopa. Nilimpungia mkono yule msichana, naye akanirudishia.

Ikulu yao ilikuwa wazi pande zote, na bustanini mtu alikuwa akianua mashuka. Nikauliza rais yuko wapi. "Ndiye huyo," kijana akasema. "Leo ni zamu yake ya kufua." Mtu yule akatusalimia kwa kidole kilichoshika kibanio cha nguo.

Lakini kilichonikamata ni uwanja mkuu. Sanamu zote za wakubwa zilikuwa zimeng'olewa zamani, zikabaki nguzo tupu za mawe meupe, zimepangwa kuuzunguka uwanja mzima, na yeyote aliyetaka alipanda akawa sanamu mpaka achoke. Juu ya nguzo moja mama mmoja alikuwa akinyonyesha. Juu ya nyingine mzee alikuwa anajikuna mgongo kwa heshima zote. Kijana wetu alipanda, akaganda na mikono mifukoni, sura ya mtu aliyesahau funguo nyumbani, na watu wakapita wakimvulia kofia.

"Panda na wewe, mama," alisema binti, akanisukuma kwa nyuma.

Nikapanda. Nilidhani nitaona aibu. Badala yake nikahisi upepo. Nilitazama chini nikaona vichwa, vikapu, mbwa, mtoto na puto, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akinidai kitu. Na lile swali langu likaja na kusimama nami pale juu. Wakubwa waliosimama hapa walijulikana na kila mtu, wakafikiri kujulikana ndiko kuwa mtu. Kisha wakaondolewa, na nguzo haikuwakumbuka hata kidogo. Je, mtu ni yule anayejulikana? Au ni yule anayebaki asipojulikana? Mimi hapa sina jina. Mimi hapa sina mwana, sina mume, sina mlango unaogongwa alfajiri. Sina. Sina. Mbona basi nimejaa hivi? Mbona natamani kuimba? Nikaimba. Niliimba wimbo wa kubembelezea watoto wachanga, kwa sauti ya sanamu, na yule mzee wa nguzo ya pili akaacha kujikuna, akaitikia.

Tulipotoka uwanjani ilitubidi kuvuka mto. Daraja lao ni refu, la mbao, na kati ya ubao na ubao unayaona maji. Tulipolikaribia nikasikia mkono wa binti umeingia mkononi mwangu, umelowa jasho. Akavua viatu, akafumba macho. Nimeshika mikono ya wanawake wengi. Najua mkono unaoogopa tangu zamani na mkono unaoogopa leo. Ule ulikuwa wa tangu zamani. Kijana alitangulia mbele yetu, akageuka, akatembea kinyumenyume daraja zima, akisimulia habari ndefu ya kipuuzi kuhusu mjomba aliyeoa mara mbili siku moja kwa bahati mbaya, akicheka mwenyewe kabla ya kufika panapochekesha. Binti akacheka macho yakiwa yamefumbwa. Tulipokanyaga ardhi ya ng'ambo alifumbua macho, akavaa viatu, akasema hali ya hewa ni nzuri. Hapo ndipo nikamwona kijana ameegemea mti, mgongo wa shati umelowa chapachapa. Naye alikuwa anaogopa. Yeye alikuwa anaogopa kuliko binti.

Sikuuliza. Tulikuwa tumepatana.

Tulikula mkate wa moto na jibini la mbuzi ukingoni mwa mto. Kijana alikata mkate, akampa binti ile sehemu ya katikati iliyo laini, yeye akatafuna ganda, na binti akaichukua bila kuangalia, kama kitu cha kila siku; kisha alipodhani simwoni akamrudishia kipande kimoja laini chini ya kitambaa. Nikageuza uso nikautazama mto. Nilikuwa nimejaa furaha, na katikati ya furaha ile kitu kikanichoma: Nakundwa, wewe unaharibu. Kila unachokiona kinawaharibia.

Ofisi ya msajili ilikuwa ukumbi wa duara wenye madirisha marefu, na watu walikuwa wameshajaa, maana habari ya mgeni ilitutangulia. Msajili alikuwa mwanamke kijana mwenye mafua makali. Alipiga chafya, akaomba radhi, akapiga tena. Safu ya mbele alikaa mama mmoja mnene wa mwili, kofia ya buluu, mkoba umesimama magotini kama mlinzi. Binti aliponiona namtazama aliinamisha kichwa, nikaelewa: huyo ndiye mama.

"Mgeni, simama," alisema msajili. "Una upande katika jambo hili?"

"Sina."

"Vizuri. Unawajua watu hawa wawili?"

Jibu lilikuwa neno moja, na nilikuwa nimelibeba ulimini tangu stesheni. Hapana. Sema, Nakundwa. Majina huyajui. Ukoo huujui. Wazazi, kabila, dini, kazi, huvijui. Sema hapana ukale pilau, au chochote wanachokula hapa kwenye harusi.

Lakini nilimkumbuka Mchome. Mume wangu nilimjua kwa jina, kwa ukoo, kwa kikohozi chake cha usiku. Nilikuwa tayari kuapa mbele ya hakimu yeyote kwamba namjua. Siku ya kumzika akasimama mtu kutoka Mwanga, mtu nisiyemfahamu, akaeleza jinsi marehemu alivyomfundisha kuogelea wakiwa vijana. Kuogelea! Mchome wangu! Nililia siku ile kuliko wakati wowote, na si kwa sababu amekufa. Nililia kwa sababu mtu wa kupita alikuwa na kipande chake ambacho mimi sikuwa nacho, na akanipa bure. Sasa kujua ni nini? Ni kukaa na mtu, au ni kumwona mara moja akivuka?

"Mgeni?" alisema msajili.

"Nawajua," nikasema.

Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Binti alifunika uso kwa mikono. Mama wa kofia ya buluu akaegemea nyuma, akashusha mkoba magotini.

Msajili aliweka kalamu chini. "Wanaitwa nani?"

"Sijui."

"Watoto wa nani?"

"Sijui, mwanangu."

"Basi unajua nini?"

"Najua kwamba huyu binti anaogopa madaraja. Anaogopa tangu mdogo, nadhani, na hajamwambia mtu. Anavuka macho yamefumbwa, viatu mkononi, na akifika ng'ambo anasema hali ya hewa ni nzuri. Na huyu kijana naye anaogopa, tena zaidi. Lakini anatembea kinyumenyume mbele yake na kumchekesha mpaka wamalize kuvuka. Watu wanaweza kudhani anacheka kwa sababu anaona kila kitu ni mchezo. Anacheka akiogopa. Na mkate akiukata, ganda ni lake. Ndicho ninachojua. Nisameheni, wanangu. Sikutafuta kujua. Nilikuwa natembea tu."

Msajili alipenga kamasi polepole, kwa majonzi. "Basi kisheria wewe si shahidi," alisema. "Nasikitika sana. Itabidi..."

"Ngoja."

Ni yule mama. Alisimama, na mkoba ukaanguka, machungwa mawili yakabingirika mpaka miguuni pa msajili, asiyaangalie. Alikuwa anamwangalia binti yake.

"Nilikutuma ng'ambo kila siku," alisema. "Kununua hamira ya mikate yangu. Kila siku, tangu baba yako afariki. Ulikuwa mdogo wa hivi. Mbona hukusema?"

"Ungekwenda mwenyewe, mama," alisema binti. "Na magoti yako yale mabovu."

Mama akamgeukia kijana, akamtazama kuanzia viatu hadi nywele, kama anayemwona akishuka kwenye treni. "Nilidhani unacheka tu," alisema. "Nikasema, mtu wa kucheka hivi atamtunza nani."

Kijana alijaribu kujibu, akashikwa na kicheko, na safari hii ukumbi wote ukaelewa ni kicheko cha aina gani. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Msajili," alisema yule mama, "mimi naitwa Ilvana. Nimemzaa huyu binti, nimemlea, nimelala naye kitanda kimoja alipokuwa na surua. Na huyu anayesimuliwa hapa simjui. Leo ndiyo kwanza nasikia habari zake. Andika."

"Mama Ilvana, jibu linatakiwa la kisheria. Unamjua au humjui?"

"Simjui."

"Na kijana?"

"Huyo ndiyo kabisa!"

Watu wakacheka. Msajili akainua mkono wanyamaze, lakini mwenyewe alikuwa amekwisha shika kalamu. "Una upande?"

Ilvana alikawia. Hapo niliona jinsi alivyokuwa mpweke chini ya kofia ile, nikajua nyumba anayoirudia, sufuria moja, kikombe kimoja. Nami ninayo ya namna hiyo. "Nilikuja nao," alisema. "Nilitaka abaki nyumbani kwangu. Nimeupoteza sasa hivi, hapa hapa. Mkiuona msinirudishie."

Msajili akapiga chafya moja kubwa, na kwa kishindo hicho hicho akagonga muhuri.

Kilichofuata sikuweza kukifuata kwa mpangilio. Nakumbuka madirisha yamefunguliwa. Nakumbuka rais amefika na mashuka yake, tukayatandika uwanjani yakawa meza. Nakumbuka vijana wangu wakinikimbilia, na jambo la kwanza walilofanya ni kuniambia majina yao, wakipokezana, kwa nguvu, kama watu waliozuiwa kupumua: "Naitwa Orune!" "Na mimi Dasko! Dasko, mama!" Nikawaambia langu. Orune akauliza maana yake. Nikamwambia kwa Kipare maana yake ni "nimependwa". Akalijaribu ulimini, akalikosea vizuri sana.

Jua lilibaki juu kwa muda mrefu, nadhani kila mtu alikuwa amechagua saa ya kinyozi. Mama Ilvana alicheza na mkwewe. Hakujua kucheza, na Dasko naye hakujua, wakakanyagana kwa adabu kubwa. Alipochoka alikuja kukaa kando yangu, akavua kofia, akajipepea nayo.

"Kesho nyumba itakuwa kimya," alisema.

"Itakuwa kimya," nikasema. Sikuona sababu ya kumdanganya. "Siku za kwanza utapika chakula kingi mno. Mimi nilipika kingi mpaka mbwa wa jirani akahamia kwangu."

"Yupo mpaka leo?"

"Yupo. Amenenepa."

Alicheka, akaegemea bega langu, mzito na mwenye joto kama mkate. Tulikaa hivyo tukiwatazama watoto wetu.

Asubuhi yake nilikuwa bado nafunga kiatu kwenye nyumba ya wageni nilipogongewa mlango. Ni Ilvana, kofia kaivaa mbele nyuma, ameshika mfuko wa maandazi ya moto.

"Haya, nimekuja," alisema. "Tunaanzia wapi?"

"Si wewe ndiye mwenyeji?"

"Mimi? Mimi maisha yangu yote ni kutoka jikoni kwenda sokoni na kurudi. Nasikia kuna tramu inapanda mpaka kilimani. Inapita mbele ya mlango wangu kila siku, naisikia kengele. Sijawahi kuipanda."

Tukaipanda. Alikataa kukaa. Alisimama dirishani mikono miwili imeshika chuma, na tramu ilipoanza kupanda, mapaa ya vigae yakawa yanashuka chini yetu moja baada ya jingine. Kondakta alikuja akatuuliza tunashukia kituo gani. Ilvana hakugeuka, macho yalikuwa nje.

"Vipo vingapi?" akauliza.

"Vingi, mama."

"Basi vyote," alisema.